Meno Bado Yanajua Mahindi, Kichwa Kimepoteza Magunia

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu. Johnstone Okeyo anatoboa gunia la kwanza.

Lori limetoka Moiben likiwa na magunia 64 ya mahindi. Limeegeshwa mbele ya ghala la nafaka pembeni mwa mtaa wa Huruma, mjini Eldoret, na turubai lake bado lina maji ya mvua ya jana. Okeyo, mwenye umri wa miaka 59, anasukuma ndani ya gunia chuma chembamba chenye mfereji ambacho hapa ghalani kinaitwa mkuki. Anakichomoa, na punje kumi hivi zinateremka kiganjani mwake. Anachagua moja na kuiuma kwa meno ya upande wa kushoto.

Punje inalia. "Kavu," anasema.

Gunia la pili, kavu. La tatu, kavu. La nne, kavu. Kisha anarudi kwenye gunia la pili, analitoboa tena na kuuma punje nyingine.

"Kavu."

Mwenye mahindi ni Jepkemboi, mkulima wa makamo kutoka Moiben. Anamtazama huku amekunja mikono juu ya sweta. "Mzee Meno, hiyo gunia umeshauma," anamwambia. "Ama leo umetoka nyumbani bila chai?"

Wapakiaji wanacheka. Okeyo naye anacheka. Halafu anahamia gunia la saba. La tano na la sita hayajatobolewa.

Anayeona ni Hamza, ambaye kazi yake ni kupima uzani kwenye mizani ya ghala. Anaandika namba mbili kwenye karatasi iliyobanwa juu ya ubao, 5 na 6, kisha anaendelea kuangalia.

Kwa miaka 22 Okeyo ndiye amekuwa akiamua mahindi yapi yaingie ghala hili na yapi yarudishwe kuanikwa. Wakulima walimpa jina la Mzee Meno kabla mashine ya kupima unyevu haijanunuliwa. Kwa sasa yuko kwenye majaribio ya siku thelathini ambayo yanaisha Jumamosi. Siku hiyo mwenye ghala, Maryam, ataamua kama Okeyo ataendelea na kazi hiyo.

Okeyo ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Aliulizwa kwa siku mbili tofauti kama anakubali habari zake ziandikwe gazetini. Mara zote mbili alikubali. Mara ya pili hakukumbuka kwamba alikuwa ameulizwa.

Alizaliwa Ugenya mwaka wa 1966 na kufika Eldoret akiwa na miaka 22, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa alibeba magunia kwa miaka michache. Mwaka wa 2003 mume wa Maryam, ambaye sasa ni marehemu, aligundua kwamba huyu mpakiaji Mjaluo huuma punje za kila gunia analobeba na kusema lipi litaoza. Alimjaribu kwa wiki moja, akamwondoa kwenye kubeba na kumpa kazi ya kupima.

"Mahindi kavu inavunjika mara moja na inalia," Okeyo anaeleza. "Mbichi inalala kwa jino kwanza. Halafu ina ladha ya unga uliolala. Hiyo huwezi kumfundisha mtu kwa siku moja."

Malipo yake ni shilingi 900 kwa siku wakati wa msimu, na 600 msimu ukiisha.

Kipimo kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yakizidi hapo na kurundikwa, hupata joto na kuota ukungu, na aina moja ya ukungu huo hutoa sumu inayoshambulia ini la anayekula. Gunia moja bichi katikati ya rundo linatosha kuharibu yaliyo karibu nalo.

Mkulima akibisha, Okeyo hutumia chupa. Anatia punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, anatikisa, anaacha itulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi, na mkulima hufunga gunia lake bila maneno zaidi. Kwa sababu hiyo ghala hununua chumvi kila msimu, pamoja na kamba na sindano za kushonea magunia.

Presha yake ilipimwa mara ya kwanza mwaka wa 2014, kwenye upimaji wa bure uliofanywa kwenye uwanja wa kanisa. Ilikuwa 178 kwa 110. Alipewa dawa za mwezi mmoja na kuambiwa arudi.

"Nilikuwa nazimeza kichwa kikiuma," anasema. "Kichwa hakikuwa kinauma sana."

Mkewe, Bridgit, anakumbuka kwamba pakiti ile ya kwanza ilikaa mwaka mzima juu ya kabati. Bridgit, mwenye umri wa miaka 54, hufulia watu nguo. Wana binti mmoja, Adongo, anayefanya kazi Nakuru.

Asubuhi moja mwaka wa 2019 mkono wa kulia wa Okeyo ulikosa nguvu akaangusha mkuki mara tatu. Alijaribu kumwambia Hamza ampe kamba, akashindwa kupata neno kamba. Kufikia jioni neno lilikuwa limerudi na mkono ulikuwa karibu sawa. Alisema ameulalia vibaya. Hakwenda hospitali.

Mwaka wa 2022 alitoka ghalani saa kumi na moja jioni kwenda nyumbani, mwendo wa dakika kumi na tano. Saa mbili usiku Bridgit alipigiwa simu na mwanamke asiyemjua. Mumewe alikuwa Langas, upande mwingine wa mji, ameketi ndani ya nyumba waliyopanga mwaka wa 1994.

"Yule mama aliniambia, 'Kuna mzee hapa anauliza mbona chakula hakijaiva,'" Bridgit anasema. "Nikamuuliza, amekusumbua? Akasema hapana, ni mpole tu, lakini amevua viatu."

Ndugu ya Okeyo alisema hiyo ni chira, adhabu ya kuvunja mila, na kwamba kuna jambo ambalo halikufanywa nyumbani Ugenya. Wazee wa kanisa walisema ni mawazo. Jirani alisema ni pombe, ingawa Okeyo aliacha pombe mwaka wa 2001.

"Mimi nilikubali zote," Bridgit anasema. "Nikamwambia shemeji sawa, mje mfanye ile ya mila. Nikaambia kanisa sawa, waombe. Halafu nikampeleka picha ya kichwa."

Picha ya ubongo ilionyesha madoa saba.

Eddah ni tabibu katika kliniki moja ya Huruma, na ndiye anayemfuatilia Okeyo tangu wakati huo. Maelezo yake ni ya moja kwa moja. Presha ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ndani ya ubongo inakuwa migumu na njia yake inakuwa nyembamba. Siku moja mmoja unaziba. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo, ambayo inaweza kuwa na ukubwa wa punje ya mahindi au chini ya hapo, inakosa damu na kufa.

"Mtu anaweza hata asijue," Eddah anasema. "Anasikia kizunguzungu, analala, anaamka. Lakini kuna kitu kimeenda."

Ugonjwa wa aina hii mara nyingi haushuki kidogo kidogo kila siku. Mgonjwa anaweza kukaa miezi au miaka mahali pamoja, kisha akashuka ghafla, kisha akatulia tena kwenye hali mpya. Kila kushuka kunaweza kuwa mshipa mwingine umeziba.

"Sehemu iliyokufa hairudi," anasema. "Tunachofanya ni kuzuia nyingine isife. Na kuzuia maana yake ni presha ishuke. Sasa kwa huyu mzee presha ilikataa kushuka, na mimi sikuelewa kwa nini."

Kwa miaka mitatu hakuna aliyeelewa. Bridgit alianza kumpa dawa mwenyewe, asubuhi na usiku, na kuhesabu zilizobaki kila Jumapili. Aliacha kutia chumvi kwenye chakula cha nyumbani. Omena, mboga, maharagwe, vyote vilipikwa bila chumvi. Okeyo alilalamika kwa miezi miwili, kisha akazoea. Presha ilibaki kati ya 160 na 170.

Eddah alishuku dawa, akaandika za aina nyingine. Kipimo kikawa 168 kwa 102. Akaongeza dawa ya pili. Kikawa 166 kwa 100. Mwezi wa Juni mwaka huu alimuuliza Bridgit tena kuhusu chumvi, na Bridgit alisimama.

"Nilimwambia, daktari, wewe unakuja kunihesabia chumvi kwa nyumba yangu? Njoo uonje. Hiyo mboga hata paka anaiacha."

Eddah anathibitisha kwamba maneno yalikuwa hayo.

Bridgit naye alimshuku mumewe. Alidhani anakula chipsi mjini. Alinusa mifuko ya koti lake. Alimuuliza Hamza, na Hamza akaapa kwamba Mzee hali chipsi, anabeba chakula kutoka nyumbani na kukimaliza. Ilikuwa kweli.

Mapema Oktoba, mahindi ya kwanza ya msimu yalipoanza kuingia, lori la magunia 90 lilipokelewa na Okeyo akasema yote ni makavu. Siku tisa baadaye wapakiaji walisikia joto walipoweka mikono kwenye rundo. Magunia kumi na manne yalikuwa na ukungu. Yaliondolewa na kuteketezwa kabla hayajauzwa.

Maryam alimwita ofisini. Ofisi ni chumba cha mbao chenye meza moja na busati la kuswalia.

"Nilimuuliza, Mzee, hii lori uliuma?" Maryam anasema. "Akaniambia niliuma. Nikamuuliza yote? Akaniambia yote. Na najua hanidanganyi. Huyu mtu hajawahi kunidanganya. Sasa nitafanya nini na mtu ambaye hanidanganyi na mahindi yameoza?"

Alinunua mashine ya kupimia unyevu. Kisha, badala ya kumwachisha kazi Okeyo, alimpa siku thelathini. Okeyo angeuma kama kawaida. Hamza angepima kwa mashine kila gunia, nyuma yake, na kuandika.

Okeyo hakupinga. "Kusahau nakujua," anasema. "Mtu akisahau, akikumbushwa anasema, ala, kweli. Hii yangu ukinikumbusha, sioni kitu. Ni kama siku imekatwa mahali halafu ikashonwa, na mimi sioni pale ilishonwa."

Katika siku ya kumi na moja ya majaribio aliondoka nyumbani bila kumeza dawa za asubuhi. Bridgit alizikuta kwenye kisahani, akafunga mlango na kwenda ghalani. Hakuwa amefika humo kwa zaidi ya miaka kumi. Wake wa wafanyakazi hawana shughuli ghalani, na vumbi la mahindi humletea kikohozi.

Alimkuta mumewe juu ya lori. Okeyo aliuma punje, akatema. Kisha akaingiza vidole viwili kwenye mkebe mdogo uliofungwa kiunoni kwa kamba, akatia kitu ulimini, akakizungusha mdomoni, akatema tena. Akahamia gunia lililofuata.

"Baba Adongo," Bridgit aliita. "Hiyo ni nini?"

"Ni nini gani?"

"Hiyo unakula."

"Sili. Ni chumvi."

"Chumvi?"

"Ya kazi."

Wote watatu, Bridgit, Okeyo na Hamza, wanakubaliana kwamba ndivyo mazungumzo yalivyokuwa. Wanatofautiana kuhusu yaliyofuata. Hamza anasema Bridgit alikaa chini pale pale, kwenye gunia. Bridgit anasema alibaki amesimama na kupiga kelele. Okeyo hakumbuki kwamba mkewe alifika.

Chumvi huondoa ladha ya punje iliyotangulia ili ulimi uwe safi kwa inayofuata. Okeyo amefanya hivyo tangu 2003, mara moja kila gunia, magunia mia moja au zaidi kwa siku ya msimu. Hakuificha. Aliulizwa mara nyingi kama anakula chumvi na akajibu hapana, kwa sababu kwake hicho hakikuwa chakula. Hamza alijua, kila mpakiaji alijua, na wakulima wa Moiben walijua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameulizwa.

"Mke wake aliniuliza chipsi," Hamza anasema. "Nilijibu chipsi."

Eddah alitaka kujua kiasi. Hamza alipitia vitu vilivyonunuliwa na kupata kwamba pakiti ya nusu kilo huisha kwa siku kumi na mbili za kazi, ambayo ni takriban gramu arobaini kwa siku. Nyingine huenda kwenye chupa na nyingine hutemwa. Hata kama ni robo tu iliyomezwa, hizo ni gramu kumi, mara mbili ya kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima kwa siku nzima.

Mkebe ulichukuliwa. Siku ya kwanza bila chumvi Okeyo alisukutua kwa maji na kusema yote yana ladha moja. Siku ya pili alijaribu ndimu, akasema meno yamekufa ganzi. Siku ya tatu Hamza alimpa chai ya strungi, isiyo na maziwa wala sukari, na hiyo ikafanya kazi. Kwa wiki nzima baada ya hapo mkono wake uliendelea kushuka kiunoni kutafuta mkebe.

Wiki mbili baadaye presha ilikuwa 146 kwa 88, kipimo cha chini kabisa kuwahi kuandikwa kwenye kadi yake.

Eddah hataki isemwe kwamba chumvi ndiyo iliyokuwa sababu. Wiki ile ile alikuwa amebadilisha dawa moja, na mambo mawili yakibadilika pamoja haiwezekani kujua ni lipi lililofanya kazi. "Pia hiyo 146 bado si nzuri," anasema. "Na tafadhali usiandike kwamba kumbukumbu itarudi. Sijasema hivyo."

Bridgit anafikiria ile miaka mitatu ya mboga bila chumvi. "Nilikuwa nafunga mlango wa mbele," anasema, "na ule wa nyuma uko wazi siku yote, na ni yeye mwenyewe ameufungua, na hajui ni mlango."

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya majaribio kuisha, Maryam aliomba karatasi za Hamza. Alikuwa tayari ameamua kwamba namba zitamwambia la kufanya.

Okeyo alikuwa ameuma magunia 1,912. Meno yake na mashine vilitofautiana kwenye magunia 31 tu. Hamza alikuwa amerudia kupima hayo 31 kwa mashine, na mara tisa mashine ilibadilisha jibu na kukubaliana na meno.

Magunia 188 hayakuumwa kabisa. Magunia 240 yaliumwa mara mbili au zaidi, na moja liliumwa mara tano.

Maryam alisoma karatasi, akairudisha mezani, akaichukua tena.

"Sasa huyu amepita ama ameanguka?" aliuliza.

"Amepita," Hamza alisema. "Hakuna mtu Eldoret anakosea gunia 22 kwa elfu mbili."

"Na hizi mia moja themanini na nane?"

"Hizo hajakosea. Hizo hajafika."

"Hamza. Gunia ambalo halijaumwa likioza, linajali kama ni kukosea ama kutofika?"

Okeyo, aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, alisikia yote. Aliulizwa baadaye alichofikiria. Alisema anadhani walikuwa wakizungumza juu ya mtu mwingine, mfanyakazi mpya, na kwamba alimhurumia.

Maryam anasema hakulala vizuri. Anaijua sheria ya ghala lake kwa sababu mumewe ndiye aliyeiweka: anayepima akishindwa na kazi, haijalishi ni nani, haachwi juu ya lori. Vilevile anajua kwamba mumewe ndiye aliyemtoa Okeyo kwenye kubeba.

Ijumaa saa mbili asubuhi lori la kwanza lilipoingia, Hamza alikuwa ameweka kiti cha plastiki kando ya mizani.

"Mama, gunia yote lazima ipande mizani," alimwambia Maryam. "Moja moja. Hakuna ile inaruka, hakuna ile inarudi. Si Mzee akae hapa? Yeye asitembee. Magunia yatembee."

Maryam alikitazama kiti. "Na hii hukuisema mwezi mzima kwa nini?"

"Uliniambia niandike, Mama. Niliandika."

Wapakiaji walinung'unika, kwa kuwa sasa gunia bichi lingegunduliwa likiwa limeshashushwa na wao ndio wangelipandisha tena. "Mzee Meno amekuwa chifu," mmoja alisema. "Amepewa kiti, bado kofia." Okeyo alimjibu kwamba kofia ataivaa yeye mpakiaji, ili imsaidie kubeba.

Siku hiyo yalipita magunia 118. Hakuna lililorukwa na hakuna lililoumwa mara mbili. Okeyo alisema sita ni mabichi, na mashine ilikubali sita.

Saa sita na nusu kazi ilisimama kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Iliporejea saa nane, Okeyo alichukua mkuki, akapanda juu ya lori lililokuwa likisubiri na kuanza kutoboa. Alikuwa ametoboa magunia matatu Hamza alipomwona. Alimshika mkono, akamshusha na kumrudisha kwenye kiti. Okeyo aliuliza kiti kile ni cha nani.

Jumamosi saa tano asubuhi Maryam alimwita tena ofisini. Safari hii Bridgit na Hamza walikuwapo.

"Mzee, utakaa kwa kiti," Maryam alisema. "Mashine itakuwa nyuma yako kila siku. Hutapanda lori tena, hata nikikosa mtu. Januari msimu ukiisha tutaangalia tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sema nimesema nini."

Okeyo alifikiri. "Nisipande lori."

"Na nini tena?"

Alimtazama Bridgit, na Bridgit akainamisha macho. "Nisikule chumvi," Okeyo alisema.

Maryam, ambaye hakuwa amezungumzia chumvi, alisema hiyo pia.

Okeyo aliulizwa, nje ya ofisi, anatarajia nini. "Nilikuwa na mpango wa kurudi Ugenya nijenge," alisema. "Huo bado uko, sijui ni wa mwaka gani. Kwa sasa nataka nimalize huu msimu nikiwa najua ni msimu."

Ghala lilifungwa saa saba mchana. Mbele ya Bridgit, Maryam alimwambia Okeyo kwamba arudi Jumatatu. Okeyo aliuliza arudi lini, akaambiwa Jumatatu. Hamza alimwandikia neno hilo kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki.

Jumapili saa moja kasorobo asubuhi Okeyo alikuwa mbele ya ghala. Mlinzi alimwambia leo ni Jumapili. Okeyo alimshukuru, akakaa kwenye jiwe hadi saa mbili na nusu, Bridgit alipokuja kumchukua kwenda kanisani.

Jumatatu saa moja kasorobo alikuwa hapo tena. Hamza alifungua.